Mama alirudishwa nyumbani, kumbe ni kiharusi

SWALI: Mama alifika hospitali mdomo umepinda, mkono wa kushoto umelegea hata kikombe hashiki, daktari akasema ni uchovu tu akampa dawa za maumivu tukarudi. Asubuhi kuongea hawezi. Tunaweza kushtaki?

JIBU: Pole sana dada yangu, imeniuma. Mnaweza, ila kukosea peke yake haitoshi, lazima muoneshe vitu viwili: kwamba daktari makini asingefanya vile, na kwamba kuchelewa ndiko kulikomuumiza mama. Hicho cha pili ndo kigumu, maana hospitali itasema angepooza tu hata angetibiwa. Hapo saa zina uzito sana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani ya kichwa kuonesha hakuna damu inayovuja, so andika leo leo alianza saa ngapi, mkafika saa ngapi, nani alimwona, na skani ilifanyika au la.

Ombeni nakala ya faili lote kwa maandishi. Halafu tafuta wakili wa kesi za uzembe wa matibabu, atahitaji daktari bingwa asiye wa hospitali hiyo alisome hilo faili. Baadhi ya kesi huishia kwenye makubaliano ya fidia. Malalamiko kwa baraza la madaktari nayo yapo, ila hayo ni ya nidhamu, msitegemee pesa huko.

Msikae sana, muda wa kufungua kesi una kikomo, na msisaini karatasi yoyote ya hospitali kabla wakili hajaiona.