Muulize Khalti: Popo wa mbuyu, kuku wa pilipili na kungumanga ya halwa

*Salaam alaikum Khalti. Mie nikisikia jambo la ajabu kuhusu chakula siwezi kukaa nalo, lazima nimwambie mtu. Juzi tuko kwenye sinia nikawaambia muhogo si wa huku asili yake, ulikuja na meli. Shemeji akanikata, ati nawaharibia watu hamu. Sasa nyumbani jina langu ni Bi Mwajuaje. Niache? — Mdadisi, Kisauni*

Alaikum salaam mwanangu. Usiache, wallahi usiache! Kwanza ulilosema ni kweli, muhogo umetoka Amerika ya Kusini na walioueneza ni Wareno, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na pilipili nayo asili yake huko huko ng'ambo ya Atlantiki. Sasa nenda pale Lighthouse, ufukweni Mombasa, jioni uchukue muhogo wa kuchoma, muuzaji anaupasua katikati anaupaka pilipili ya unga na chumvi, anakukamulia ndimu mpaka inachuruzika vidoleni. Muhogo na pilipili kutoka Amerika, ndimu kutoka Asia, vyote vimekutana kwenye kipande cha gazeti na wewe umekaa ukutani unatazama meli zinaingia Kilindini. Sasa hapo hamu inaharibika vipi? Mie ndo kwanza naagiza wa pili.

Ila shemeji msikize kidogo kwa wakati, manake mtu mwenye njaa hana masikio. Ngoja washibe, alafu toa mabuyu, wape kila mtu yake mkononi, wakishaanza kumung'unya na midomo imekuwa myekundu ndo uwaambie kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini, na anayelitembelea usiku ni popo, anafuata maji matamu ya ndani huku anajipaka chavua, ule unga wa ua, anapeleka kwa ua lingine, na kesho yake lile ua limenyauka linaanguka. Yaani bila popo hatungekuwa na mabuyu ya kutosha kujaza hata kikopo. Na ule unga mweupe mkali unaoshika mbegu haukaushwi na mtu, unakaukia ndani ya kibuyu chake kikiwa bado mtini. Mibuyu ya pale Mama Ngina ufukweni tunapita chini yake kila siku, watoto wanatema mbegu pale pale, na hakuna anayewasimulia haya. Wewe wasimulie, hususan watoto, hao hawakuchoki.

*Khalti, tumebishana na maboizi. Kuku wa bibi wanadonoa pilipili mtini kama mahindi na hawalii hata kidogo. Mmoja ati ni uganga. Kwani haziwawashi? — Kijana wa Likoni*

Uganga hakuna. Ndani ya pilipili mna kitu kinaitwa kapsaisini, ndicho kinachotuwasha sie na ng'ombe na panya, lakini ndege hakimpati, mwili wake haukisikii kama moto. Na mpilipili unafaidika kwa hilo, manake mnyama akila anazitafuna mbegu zinakufa, ndege anazimeza nzima anakwenda kuziangusha mbali na mbolea juu. Ndo maana unaona mpilipili umeota mwenyewe nyuma ya choo na hakuna aliyepanda. Na wewe ikikuzidi kwenye viazi karai usikimbilie maji, maji yanaitembeza tu mdomoni, kunywa maziwa au mtindi.

*Khalti, nina wageni watoka bara, nitawapa halwa na kahawa tungu. Nipe na cha kuwaambia. — Mama Harusi, Majengo*

Dada hongera! Waambie ya kungumanga, iliyomo kwenye hiyo halwa. Zamani ilikuwa ikitoka visiwa vya Banda tu, Indonesia, na Wazungu wakauana kwa ajili yake. Kimoja ni kisiwa kidogo sana kinaitwa Run, Waingereza na Waholanzi wakakigombania miaka na miaka, mpaka mkataba wa Breda mwaka 1667 wakakubaliana kila mmoja abaki na alichokishika: Mholanzi akabaki na Run yenye kungumanga, Mwingereza akabaki na kisiwa cha Manhattan, ndipo ilipo New York ya leo. Na wakati ule Mholanzi hakujiona ameonewa!

Usiwaambie kwa mdomo mtupu lakini. Pita Marikiti ununue kungumanga nzima, usichukue ya unga, na ukiipata ambayo bado imevikwa basibasi yake ile nyekundu kama wavu ndo bora zaidi, manake wengi hawajui kwamba hizo mbili ni za tunda moja. Izungushe kwa wageni waishike wainuse, alafu ndo ukate halwa.