Kalibu za jasi na nakshi nyembamba: ushauri kwa wafinyanzi wa Kanda ya Ziwa

Mfinyanzi anayetaka vigae vyenye nakshi nyembamba kwa kawaida huhangaikia mkono wake na kisu chake, ilhali kwa jinsi nilivyoiona kazi hii hapa Mwanza, nakshi nyingi huharibiwa na maji: yaliyomo katika jasi (unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji), katika kalibu (umbo la kukandamizia udongo ili upate nakshi) na katika udongo wenyewe.

Unga wa kuzibia maungio ya dari, ambao ndio rahisi kupatikana madukani, haufai, kwa kuwa hutoa kalibu laini ambayo alama zake hulika mapema. Tafuta jasi ya kumimina. Mimi hupima kwa mizani, maji sehemu 7 kwa jasi sehemu 10, kwani maji yakizidi kalibu huchakaa upesi. Nyunyizia unga ndani ya maji, uache uloe dakika moja au mbili, kisha ukoroge taratibu bila kuingiza hewa, maana kila povu litakaloganda juu ya nakshi litakuwa kipele kwenye kila kigae. Tabaka la kwanza hulipaka kwa brashi laini, ndipo nikamimina lililobaki.

Nakshi yenyewe ichongwe kwanza kwenye bamba la udongo mbichi litakalomiminiwa jasi, au ikandamizwe kwa ukili au kipande cha wavu wa dagaa, ilimradi kuta za mistari zilale kidogo kuelekea nje. Mstari uliochimbwa ukawa mpana zaidi kwa ndani kuliko mdomoni hung'ang'ania udongo.

Kukausha ndiko kunakotaka subira, hasa wakati wa masika. Kalibu ikae kivulini penye upepo, mbali na tanuri, kwa sababu joto linalozidi nyuzi 50 hivi huidhoofisha jasi, na kalibu yenye unyevu haivuti maji ya udongo, hivyo udongo hunata. Ikishakauka, kandamiza udongo kuanzia katikati kuelekea pembeni, uuache mpaka kingo ziachie zenyewe. Vipande vya jasi vilivyomeguka visirudi kamwe kwenye pipa la udongo, kwani baada ya kuchomwa hufyonza unyevu, hupanuka na kubandua uso wa kigae.

Aliye mbali na maduka, tuseme kisiwani Ukerewe, anaweza kutumia kalibu ya udongo uliochomwa, kama walivyofanya wafinyanzi wa Kirumi wa mji wa Arezzo, Italia, katika karne ya 1 KK kwa bakuli zao nyekundu. Hunyonya polepole kuliko jasi, lakini kwa vyombo vya mviringo mimi huipendelea, kwa sababu ni ngumu zaidi na bakuli likisinyaa hujitoa lenyewe.