Mafuta ya viazi karai yanatoka wapi?

Ndugu yangu, umeuliza viazi karai vya jioni vinahusiana vipi na misitu. Vinahusiana sana. Mafuta mengi tunayokaangia Kenya ni ya mawese, yanashushwa melini hapa Mombasa kutoka Indonesia na Malaysia. Huko Borneo na Sumatra misitu mikubwa imefyekwa ili kupanda michikichi, miti inayotoa mawese, na wenyeji wengi wamepoteza ardhi. Huku kwetu Kilifi na Kwale, minazi mizee inakatwa mbao bila mingine kupandwa. Inaniuma. Mie nikikuna nazi ya mbaazi asubuhi (kwa mbuzi aliyoniachia nyanya), tui likitoka zito, jeupe, najua pesa yangu imemfikia mkwezi wa Pwani hii hii.