Meza ya Mpambaji: Sungura kwenye boksi, kindi kwenye brashi

SWALI: Dada Mpambaji, shikamoo. Naishi Tanga, nina miaka 23, na mwaka huu nimeanza kupamba maharusi. Brashi ninazotumia ni za kuazima. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumpamba bibi harusi Ngamiani. Kabla sijamgusa uso, mama yake akanishika mkono akaniuliza, "Hizi nywele ni za mnyama gani?" Nikakosa jibu. Madukani nimeona seti zenye picha ya sungura kwenye boksi, na muuzaji anasema hizo ndizo zisizodhulumu wanyama. Je, sungura huyo anatosha kumjibu mama wa bibi harusi? Na kwa shilingi 40,000 nilizo nazo, nitapata seti ya kufanyia kazi za watu?
Mpambaji Mchanga, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo mama amekuuliza jambo ambalo mimi nilipamba watu miaka minne bila kujiuliza. Seti yangu ya kwanza niliinunua kwa dada mmoja aliyekuwa anaacha kazi. Ndani yake mlikuwa na brashi moja ya poda, laini mno, ukiipitisha shavuni husikii kitu. Nilijivunia sana. Siku moja Temeke, nikiwa katikati ya kupamba, mdogo wake bibi harusi, mwanafunzi wa sekondari, aliiokota mezani akasoma maandishi ya dhahabu kwenye mpini: "squirrel". Akaniuliza, "Dada, hii ni kindi?"

Mimi nimekulia Muheza. Kindi walikuwa wakishuka kwenye mnazi, wakapita juu ya bati la jikoni kwetu, wakaingia kwenye mwembe, na bibi yangu alizitambua nyayo zao hata akiwa ndani. Na manyoya ya brashi za kindi hutoka mkiani. Nilimaliza kumpamba yule binti kwa sponji. Brashi ile ninayo bado, imefungwa kwenye kitambaa, na haijagusa uso wa mtu tena.

Basi, anza kwa kujua wanyama wenyewe. Brashi nyingi za manyoya ni za mbuzi, farasi au kindi. Zile za bei kubwa za wanja na macho, ukiona zimeandikwa "sable", mara nyingi ni manyoya ya mkia wa kolinski, mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi Siberia na China, na ambaye kwa kawaida hutegwa porini. Muuzaji atakwambia wananyolewa tu kama kondoo. Mbuzi hunyoleka, sikatai. Lakini kicheche wa porini nani atamkamata, amnyoe mkia, kisha amwachie aende zake?

Nguruwe naye yumo. Nywele zake ni ngumu, kwa hiyo hutumika zaidi kwenye brashi za kuchania nywele, za kunyolea ndevu, na baadhi ya zile ndogo za nyusi. Nadhani hofu ya yule mama ilikuwa hapo. Sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na humo nguruwe ni najisi nzito: kitu kilichomgusa kwa unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Bibi harusi ametawadha, baada ya saa moja anakaa mbele ya shehe, halafu wewe umempitishia nyusi kitu ambacho hujui kimetoka wapi. Mama alikuwa na haki ya kukushika mkono.

Sasa sungura. Chanzo chake ni jaribio lililotokana na kazi ya John Draize, mwanasayansi wa Marekani, mwaka 1944. Kemikali ilitiwa kwenye jicho la sungura hai, kisha watu wakasubiri kuona jicho litavimba kiasi gani. Vipodozi vilipimwa hivyo kwa miaka mingi. Ndiyo maana waliopinga walichagua picha ya sungura, na alama inayoaminika zaidi, Leaping Bunny, ni ya sungura anayeruka. Umoja wa Ulaya ulikamilisha katazo lake tarehe 11 Machi 2013, ukazuia hata kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Ona basi: sungura huyo anazungumzia majaribio. Hazungumzii manyoya. Kampuni inaweza kuwa haijamtia mnyama yeyote dawa machoni, na bado ikakuuzia brashi ya mbuzi yenye sungura kwenye boksi. Tena kuna masungura ya kuchora tu, hayana chama wala ukaguzi, mwenye kiwanda kayaweka kwa sababu yanapendeza. Kwa hiyo tafuta vitu viwili pamoja: alama ya chama kinachojulikana, na neno "synthetic" au "vegan" kwenye boksi, maana yake nyuzi zimetengenezwa kiwandani. Ukikuta "taklon" au "nylon" ni hizo hizo. Ikiwa boksi limeandikwa "natural hair", liache dukani hata kama lina sungura watano.

Kuhusu pesa yako: inatosha, na sisemi kwa kubahatisha. Nilitaka kulijibu swali hili kwa mikono yangu, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikanunua seti ya brashi 11 za nyuzi za kiwandani kwa shilingi 38,000, baada ya kupatana kutoka 45,000. Nimeitumia wiki sita, kwa maharusi tisa na sendofu mbili, na kwa wiki hizo karibu kazi yote niliifanya kwa hiyo.

Ile ya fandesheni, yenye kichwa bapa kilichoshonana, imenishinda kwa uzuri. Unywele wa mnyama una magamba madogo madogo, hivyo hunywa majimaji, na fandesheni nyingi huishia ndani ya brashi. Uzi wa kiwandani ni laini mwili mzima, haunywi. Kwa hesabu za daftari langu, chupa iliyokuwa ikinitosha nyuso 12 sasa imefika 15. Kwa joto la Dar es Salaam, ambapo unapaka na huku bibi harusi anafutwa jasho, kupaka kidogo kikashika ndiyo kazi yenyewe.

Ya poda kubwa ilimwaga nyuzi saba siku ya kwanza nilipoiosha. Nilizihesabu kwenye beseni. Baada ya hapo haikumwaga tena. Hapa nikwambie ukweli: ile ya kindi ilikuwa laini zaidi, na ilishika poda vizuri zaidi, kwa sababu magamba yale yale yanayonywa majimaji ndiyo yanayokamata vumbi la poda. Kwa hii mpya nagonga poda mara mbili badala ya mara moja. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona, na hakuna bibi harusi hata mmoja aliyeigundua.

Ya kuchanganyia rangi juu ya kope sikuipenda. Ilikuwa ngumu, ikamkwaruza binti wa Mbagala mpaka jicho likatoa machozi, na nilimwomba radhi kabla ya kuendelea. Nimeiweka kando, nikanunua nyingine peke yake kwa shilingi 6,000. Ya wanja ilichanua ncha wiki ya tatu. Ya nyusi, iliyokatwa mshazari, ni nzuri sana. Ile yenye umbo la upepeo sijaipatia kazi mpaka leo, na nahisi huwekwa ili idadi ifike 11. Mpini mmoja ulichomoka kwenye bati lake, ile pete ya chuma inayoshika nyuzi, nikauweka gundi, umeshika.

Kwa hiyo katika 11, zinazonilisha ni sita. Ukipata duka linalouza moja moja, nunua sita tu: fandesheni, poda, shavu, kope, nyusi na ndogo ya kufichia madoa. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka nje, mwagize Real Techniques, seti zilizoanzishwa na akina dada wawili wa Uingereza, Samantha na Nicola Chapman, au EcoTools zenye mipini ya mianzi. Zote ni za nyuzi za kiwandani na si za matajiri. Ila usisimamishe kazi kwa kuzisubiri.

Na yule mama wa Ngamiani, kama bado una namba yake, mpigie umwambie umepata jibu.

SWALI: Dadangu, mimi niko Mombasa, Majengo. Nimenunua brashi sokoni bila boksi wala maandishi. Mwenye kibanda anaapa si za mnyama. Nitajuaje?
Mwenye Shaka, Mombasa

JIBU: Dadangu, chomoa nyuzi mbili tatu katikati ya brashi, zishike kwa kibanio cha nyusi, kisha ziguse kwenye moto wa kiberiti, mbali na pazia na watoto. Unywele wa mnyama unanuka kama nywele zilizoungua saluni au kwato za mbuzi anayebabuliwa, na majivu yake ukiyafinya yanasagika. Uzi wa kiwandani unayeyuka, unajikunja, unaacha kidonge kigumu kisichosagika. Chomoa sehemu zaidi ya moja, kwa sababu kuna brashi zilizochanganywa makusudi, nyeupe juu na nyeusi chini, na kila rangi ina asili yake. Niliwahi kuuziwa ya namna hiyo kwa kiapo. Nusu iliyeyuka, nusu ikanuka.

SWALI: Brashi zangu mpya za nyuzi za kiwandani zina wiki tatu tu na zinanuka uvundo. Naosha kila Jumapili, nazisimamisha kwenye glasi zikauke. Nilichokosea ni nini?
Fundi wa Kope, Morogoro

JIBU: Ni hiyo glasi. Ukisimamisha brashi yenye maji kichwa juu, maji yanashuka kwenye bati, yanakaa kwenye gundi, gundi inalegea na uvundo unaanzia humo. Msimu wa masika ndio mbaya kabisa. Osha kwa shampuu ya watoto ukielekeza kichwa chini, na maji yasipite juu ya bati. Fandesheni iliyoganda ilegeze kwanza kwa tone la mafuta ya nazi. Kamua kwa taulo, kisha zilaze ukingoni mwa meza, vichwa vikining'inia nje, penye upepo. Nyuzi za kiwandani hukauka mapema kuliko manyoya. Ukiosha jioni, asubuhi unabeba.

Ila Jumapili hadi Jumapili ni mbali mno kama unapamba watu tofauti. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, nilirudisha pesa za wateja wawili waliokuja na macho yamevimba, nikawaomba tuahirishe. Tangu hapo kila uso ukiisha nazifuta brashi, nazipulizia spiriti ya asilimia 70, naziacha zikauke kabisa kabla ya uso unaofuata. Za macho nina seti mbili, ili moja ikiwa inakauka nyingine iwe kazini. Hizo zilizokwisha kunuka, ziloweshe vichwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, suuza, zianike zikiwa zimelala. Zikirudia kunuka, gundi imeshaoza ndani. Zitupe, usimpitishie mtu kwenye kope.