Kabla Hujachora Mpaka wa Mtaa

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa kazi ya kugawa makazi yasiyopimwa ya Dar es Salaam katika maeneo ya ujirani, nilifungua picha ya satelaiti, nikatafuta mstari ulio wazi kuliko yote, nikaona mfereji wa maji ya mvua, nikaufanya mpaka. Kwenye ramani ulipendeza mno.

Masika yalipoingia, mfereji ule ulikuwa umejaa taka hadi ukingoni. Wa upande huu walisema taka ni za ng'ambo, wa ng'ambo nao wakasema vivyo hivyo, na viongozi wa pande zote mbili walikuwa na haki ya kukana eneo lile, maana ramani yangu haikumpa yeyote. Tangu hapo nashauri hivi: kitu kinachohitaji kutunzwa na wengi, kiwe mfereji, kioski cha maji au uwanja wa watoto, kiwekwe ndani ya ujirani mmoja, na mpaka upite pale nyumba zinapopeana migongo.

Darasani tulifundishwa kanuni ya kupanga eneo la ujirani aliyoitoa Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, mwaka 1929: shule ya msingi katikati, wakazi kati ya 5,000 na 9,000, mwendo wa miguu wa takriban mita 400, na barabara kubwa pembezoni. Shule katikati naikubali mpaka leo, kwa kuwa mtoto anayefika darasani kwa miguu hahitaji bajaji wala nauli. Barabara pembezoni ndiyo inayonitia shaka, kwani katika makazi yetu mengi barabara ndiyo sebule: genge, fundi cherehani na kijiwe cha bodaboda vyote viko hapo, na wateja wake hutoka pande zote mbili.

Mtaa wa kiserikali, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa, usiudharau, kwa sababu barua na maamuzi hupitia huko. Ila kabla ya kuuchukua kama ulivyo, omba mjumbe wa shina akutembeze, na kila nyumba uulize mkaa hununuliwa wapi, mtoto anasoma wapi, na ukitokea msiba ni akina nani huja kufunga turubai na kuchangia sanda. Swali la msiba ndilo lililonifaa zaidi; kuhusu mkaa watu hujibu kwa bei, lakini kuhusu msiba hutaja majina, na majina hayo ukiyaweka kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, umbo la ujirani hujitokeza lenyewe.

Katika kazi yangu ya pili nilimwonyesha rasimu mama mmoja muuza vitumbua. Aliifuatisha kwa kidole chenye mafuta, akatulia, kisha akasema, "Mwanangu, mstari wako umeniacha mimi huku, na watakaonizika umewapeleka ng'ambo." Niliufuta palepale. Mpaka tuliokubaliana baadaye umezunguka nyuma ya ua wake kwa kona tatu, na kwenye ramani haupendezi hata kidogo.