Jibu: Mawazo yakiwa mbali, ubongo haujalala

Dada yangu wa Mikindani, umeuliza kama ubongo wa kijana wako "unazima" anapokodolea macho dirishani huku daftari liko wazi. Hauzimi kabisa.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake kule Marekani walieleza kuwa yapo maeneo ya ubongo yanayofanya kazi zaidi mtu akiwa hana shughuli maalumu, na hupoa anapokazania jambo la nje. Ilidhaniwa mtandao wa maeneo hayo na mtandao mwingine wa ubongo, ule wa kupanga na kuamua, hupokezana zamu. Mwaka 2009 Kalina Christoff, wa Kanada, na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa kazi ya kuchosha: bonyeza kitufe kila uonapo namba, isipokuwa namba fulani. Katikati wakawa wanawakatiza: mawazo yako yapo wapi? Yalipokuwa mbali, mitandao yote miwili ilikuwa imeamka, hasa pale mtu mwenyewe alipokuwa hatambui kuwa mawazo yake yametoka kwenye kazi. Hilo linanistaajabisha mpaka leo.

Waulize akina mama wanaobangua korosho hapa Mtwara: mikono inaendelea, kichwani wanapanga ada na harusi.

Darasani hasara ipo, somo linampita, sikufichi. Lakini usimwite mvivu. Mwulize kwa upole alikuwa anawaza nini. Ila akiwa anapotea ghafla, haitiki hata ukimgusa, mpeleke hospitali. Kuna kifafa kisicho cha kuanguka.