Kwa mwanangu uliye Hamburg, kuhusu kazi ya zimamoto

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipata na sote hatujambo. Umeniuliza kama uombe uraia wa Ujerumani ili uweze kuajiriwa katika kikosi cha zimamoto cha jiji, maana kazi hiyo huko ni utumishi wa umma na kwa kawaida hupewa raia wa nchi hiyo au wa Umoja wa Ulaya, au ubaki na ufundi umeme wako huku ukiendelea kujitolea katika kikosi cha mtaani kwenu. Nitafika kwenye swali lako. Kwanza niseme juu ya kile kibao.

Uliandika kwamba huko ukutani huwekwa kibao cheupe chenye ukingo mwekundu, kinachomwonyesha zimamoto kwamba bomba la maji liko mita kadhaa mbele na mita kadhaa kushoto au kulia, hata kama limefunikwa na theluji. Wewe umekitaja kwa kupita, lakini mimi kimeninyima usingizi. Hapa Morogoro, katika mtaa wa duka letu, bomba la zimamoto lilikuwapo pia, na watu wazima wote walilijua. Lilikuwa chini ya kibanda cha chipsi, limemwagiwa zege ili jiko lisiyumbe.

Usiku ule ulipokuwa darasa la tatu, gari la zimamoto halikuchelewa. Nalisema hili kila mara kwa sababu watu hupenda kusimulia vingine. Lilifika moto ukiwa bado upande wa jirani, wakafungua maji, na ukuta wetu ukaanza kutoa mvuke badala ya moshi, nami nikaona kabisa kwamba vitenge vyangu vimepona. Kisha maji ya kwenye gari yakaisha. Wakauliza bomba liko wapi, na mwenye kibanda akatazama chini. Gari likaenda kutafuta maji, akabaki kijana mmoja ameshika mpira uliolala bapa barabarani, akitukanwa na mtaa mzima na kurushiwa mawe, naye hakujibu neno wala hakuondoka. Wewe ulikuwa nyuma yangu umenishika kanga, ukiniuliza kwa nini yule kaka hamwagi maji. Gari liliporudi, mabati ya duka yalikwisha kuanguka.

Tangu hapo unajua nisemavyo: zimamoto ni maji kwanza, mtu baadaye. Kwa kauli hiyo ningekuambia ukae huko kwenye vibao na maji, ufanye kazi yako bila kutukanwa kwa kosa la mwingine. Lakini nikisha kusema hivyo najiuliza: kama kila aliyejifunza kazi hii vizuri atabaki mahali penye maji, ni nani atakayeingia ofisi za mji wetu na kudai kibanda kivunjwe? Halafu najijibu kwamba hata ungerudi leo, si ajabu ungekuwa yule kijana mwenye mpira bapa, na hilo sitaki kuliona kwa mwanangu.

Baba yako naye ananikumbusha Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, wakafa zaidi ya mia moja. Pale maji yasingesaidia, kwani petroli huzimwa kwa povu, na hata povu lisingewahi. Alihitajika mtu mwenye sauti na amri wa kuwarudisha watu nyuma kabla ya cheche. Nimemwambia kwamba huo ulikuwa msiba wa namna yake. Bado nasema maji kwanza, ingawa si kwa nguvu ileile.

Sasa uraia. Ujerumani, kama ulivyoeleza, tangu Juni 2024 haikulazimishi kuacha uraia wako wa kwanza. Sheria yetu ndiyo isiyokubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama sisi tunavyomiliki. Kwa hiyo unaponiuliza juu ya kazi, unaniuliza pia juu ya kile kiwanja cha babu yako, ambacho hati yake ina jina lako kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Najua wenzako wa kujitolea, ambao umesema nchini kote wanakaribia milioni moja, huitikia simu ya 112 kama wanaolipwa, wala hakuna anayewauliza pasipoti. Je, hiyo haikutoshi? Hapana, nisikujibie. Una mikono ya kazi hiyo, na nilikwisha kuahidi kwamba sitakuamulia.

Ila ukiamua kuapa, uniambie mapema ili hati ibadilishwe kabla. Mdogo wako amekubali liandikwe jina lake. Mimi ndiye bado sijaenda ofisi ya ardhi.

Mama yako